Mafuta ya Samaki: Yamfaa Nani?

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho siku hizi hakikosekani katika maduka ya dawa, kuanzia Dar es Salaam na Unguja mjini hadi Chake Chake na Wete kule Pemba. Kitu chenyewe ni vidonge vya mafuta ya samaki. Ni vidonge laini, vya rangi ya asali, vilivyotiwa ndani ya chupa yenye picha ya samaki na maneno mengi ya kusifia: moyo, macho, akili ya mtoto, ngozi kung'aa. Mnunuzi hulipa, hurudi nyumbani, humeza. Wengi hawaoni tofauti yoyote, si nzuri wala mbaya. Lakini wapo ambao huanza kujikuna, mabaka yaliyovimba yakawatoka mikononi na kifuani, na hapo nyumba nzima hugawanyika. Mmoja husema ni aleji, acha mara moja. Mwingine husema dawa inatoa uchafu mwilini, vumilia umalize chupa. Wa tatu husema hapana, ni yule jodari wa mchana.

Nani mwenye haki? Nadhani swali hili haliwezi kujibiwa kwa kuitazama chupa peke yake. Linahitaji historia, na historia hiyo ni ndefu kuliko watu wengi wanavyofikiri. Imepita katika bahari za kaskazini penye barafu, imepita Ujerumani na Ufaransa, na moja ya sura zake muhimu kabisa, ile inayohusu virutubisho vya nyongeza kwa jumla, iliandikwa hapa hapa kwetu, katika kisiwa cha Pemba, mwaka 2003.

Tuanze na lugha yetu wenyewe. Neno "sifa" katika Kiswahili lina maana mbili. Maana ya kwanza kila mtu anaijua: ni yale mazuri anayosemwa nayo mtu au kitu. Maana ya pili wanaijua zaidi mabaharia na mafundi wa vyombo. Sifa ni mafuta yanayotolewa katika ini la papa. Ini la papa ni kubwa mno na limejaa mafuta, na watu wa pwani waliyatoa na kuyapaka kwenye mbao za jahazi ili zisipasuke kwa jua wala kuoza kwa maji ya chumvi. Sehemu ya chini ya chombo, ile inayozama, ilipakwa deheni, yaani mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Sehemu ya juu ilipakwa sifa. Aliyewahi kupita karibu na chombo kilichopakwa sifa hakuhitaji kuambiwa, kwa maana harufu ilimfikia kabla ya macho.

Basi babu zetu waliyajua mafuta ya samaki vizuri sana, ila kwanza kabisa waliyajua kama kinga ya ubao. Kwa chakula, mtu wa Kojani au wa Tumbe hakuhitaji kidonge. Alikuwa na samaki mwenyewe: vibua, nguru, jodari, dagaa, papa mbichi na papa mkavu. Mafuta aliyohitaji yalikuwa ndani ya mchuzi.

Huko Ulaya kaskazini mambo yalikuwa mengine. Jua lao ni haba, na wakati wa baridi watoto wa miji yenye moshi walikuwa wakipata ugonjwa wa mifupa laini, miguu ikapinda kama upinde. Wavuvi wa Norway na Scotland walikuwa na desturi ya kunywa mafuta ya ini la samaki wao, ambaye Waingereza humwita cod. Baadhi ya makamusi yetu humwita chewa, ingawa si yule chewa wa kwenye miamba yetu. Katika karne ya 18 daktari Thomas Percival wa Manchester aliandika juu ya mafuta hayo kutumika hospitalini kwa wagonjwa wa maumivu ya viungo. Mwaka 1853 mfamasia wa Norway, Peter Möller, alianza kuyatoa kwa mvuke badala ya kuyaacha maini yaoze kwenye mapipa, na hapo mafuta yakawa safi zaidi na yakanyweka bila kutapisha.

Lakini kwa nini yalisaidia? Hilo halikujulikana mpaka karne ya 20. Mwaka 1913 wanasayansi wa Marekani, Elmer McCollum na Marguerite Davis, waligundua kitu ndani ya mafuta ambacho baadaye kilipewa jina la vitamini A. Mnamo 1919 Edward Mellanby wa Uingereza alionyesha kwamba mafuta ya ini yanaweza kuzuia ugonjwa wa mifupa laini kwa mbwa, na mwaka 1922 McCollum akatenganisha kitu cha pili, ambacho sasa tunakiita vitamini D. Tangu siku hizo kijiko cha mafuta ya ini kikawa adhabu ya kila asubuhi kwa watoto wa Ulaya. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya Uingereza iliwagawia watoto wadogo mafuta hayo pamoja na maji ya machungwa.

Vita hivyo vilimrudisha papa kwenye hadithi yetu. Ujerumani ilipoivamia Norway mwezi Aprili 1940, mafuta ya huko yalikuwa magumu kupatikana, na ikafahamika kwamba ini la baadhi ya papa lina vitamini A nyingi kupita kiasi cha ini la samaki wa Norway. Kwenye pwani ya California papa walisakwa kama dhahabu. Kisha mwaka 1947 wanakemia wa kampuni ya Hoffmann-La Roche, nchini Uswisi, wakafanikiwa kuitengeneza vitamini A kiwandani. Bei ikaanguka, na biashara ya ini la papa ikafa katika muda wa miaka michache.

Sura iliyoleta vidonge vya leo ilianza Greenland. Mwaka 1970 madaktari wawili wa Denmark, Hans Olaf Bang na Jørn Dyerberg, walikwenda huko kupima damu ya Wainuit, watu wanaokula sili, nyangumi na samaki kwa wingi. Walikusudia kujua kwa nini watu hao walisemekana kuwa na maradhi machache ya moyo. Jibu walilolitoa lilikuwa mafuta ya aina ya omega 3. Biashara ikakua toka hapo. Lakini majaribio makubwa yaliyofuata hayakuithibitisha sifa yote iliyotangazwa. Jaribio moja la Marekani lililotolewa mwaka 2018, lenye watu zaidi ya 25,000, halikuona kwamba vidonge hivyo vinapunguza kwa jumla saratani au matukio makubwa ya moyo kwa watu wasio na maradhi hayo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi sisemi mafuta ya samaki ni kibaya. Nasema tu kwamba yametembezwa sana.

Sasa tuje kwenye ngozi.

Habari ya kale iliyoandikwa vizuri juu ya ini na ngozi ni ya mwaka 1597. Mabaharia wa Uholanzi waliokuwa na Willem Barentsz walinaswa na barafu kaskazini ya Urusi, wakamuua dubu mweupe na kulila ini lake. Mmoja wao, Gerrit de Veer, aliandika kwamba wote waliugua, na watatu kati yao wakabambuka ngozi kutoka kichwani hadi miguuni. Kwa karne tatu na zaidi haikujulikana sababu. Katika miaka ya 1940 ndipo ilipoonekana kwamba ini la dubu huyo lina vitamini A nyingi mno, na kwamba vitamini hiyo hiyo inayomponya mtoto macho, ikizidi, huwa sumu, na ngozi ni mahali pamoja inapojionyesha. Huo si mzio. Huo ni wingi.

Mzio ni jambo jingine. Mwaka 1901 wataalamu wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier, walisafiri na meli ya Mfalme Mdogo wa Monaco, Albert wa Kwanza, wakichunguza sumu ya kiumbe cha baharini kinachofanana na kiwavi, chenye nyuzi ndefu zinazochoma. Waliporudi Paris waliendelea na sumu ya viumbe wengine wa jamaa hiyo, wakiwadunga mbwa, kwa kutumaini kwamba mbwa aliyepewa kidogo angezoea, kama chanjo inavyofanya. Ikawa kinyume. Mbwa mmoja aliyeitwa Neptune alipokea sumu mara ya kwanza bila shida. Baada ya majuma matatu hivi alipewa kiasi kidogo tu, naye akafa katika muda wa chini ya nusu saa. Mwili wake haukuzoea. Mwili wake ulikuwa umekumbuka. Richet alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa ugunduzi huo. Na mwaka 1906, huko Vienna, daktari Clemens von Pirquet alikuwa ametunga neno lililokuja kuwa "aleji" katika vinywa vya dunia nzima.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha samaki hasa. Mwaka 1921, katika mji wa Breslau, ambao wakati huo ulikuwa wa Ujerumani na leo ni Wrocław nchini Poland, walikuwapo madaktari wawili, Carl Prausnitz na Heinz Küstner. Küstner hakuweza kula samaki. Akila kidogo tu aliwashwa mwili mzima. Prausnitz hakuwa na tatizo hilo. Basi Prausnitz akachukua maji ya damu ya mwenzake, akajidunga kidogo kwenye ngozi ya tumbo lake mwenyewe, na siku ya pili akadunga maji ya samaki mahali pale pale. Baada ya dakika chache ngozi ikavimba na kuwa nyekundu pale tu ilipotiwa damu ya Küstner, na kwingine ikatulia. Hivyo ikajulikana kwamba kinachomkataa samaki kimo ndani ya damu ya mtu, na kinaweza hata kuhamishwa. Kitu hicho chenyewe kilipatikana katika miaka ya 1966 na 1967, na wataalamu wamekiita IgE. Nao wataalamu wa Norway, Kjell Aas na Said Elsayed, wakaonyesha kwamba kinachokataliwa zaidi ndani ya samaki ni protini moja ya minofu yake, inayoitwa parvalbumini. Protini hiyo haiharibiki upesi kwa kupikwa, ndiyo maana mwenye mzio wa samaki haokolewi na kukaanga wala kuchemsha.

Angalia vizuri, ndugu msikilizaji: ni protini ya minofu, si mafuta. Mafuta yaliyosafishwa sawasawa hubaki na protini kidogo sana au hayana kabisa, na kwa hiyo watu wengi wenye mzio wa samaki huenda wasidhurike na kidonge. Lakini "wengi" si "wote", na "yaliyosafishwa sawasawa" si maneno ambayo mtu anaweza kuyahakikisha kwa kuiangalia chupa dukani. Tena lipo ganda la kidonge. Ganda laini kwa kawaida ni la jelatini, nayo hutokana na ngozi au mifupa ya ng'ombe, ya nguruwe, au ya samaki. Kwa Mwislamu swali la ganda ni swali la halali na haramu kabla hata halijawa swali la afya. Kwa mwenye mzio ni swali la afya vilevile, maana wapo wachache wanaokataliwa na jelatini yenyewe. Kwa hiyo lile swali ambalo wenye maduka huliona la usumbufu, "ganda hili limetokana na nini?", ni swali la haki kwa njia mbili.

Lipo na jambo la tatu, nalo ni la karibu zaidi na soko letu la samaki. Jodari, nguru, vibua, sehewa, na hata dagaa, wana kitu katika minofu yao ambacho bakteria hukigeuza kuwa histamini samaki anapokaa bila barafu. Histamini ndiyo ile ile ambayo mwili wa mwenye mzio huimwaga wenyewe. Kwa hiyo mtu akila jodari aliyepigwa na jua tangu asubuhi hadi alasiri, uso humwiva, kichwa humgonga, moyo humwenda mbio, mabaka humtoka, naye huapa kwamba ana aleji ya samaki. Hana. Samaki ndiye aliyekuwa mbaya. Na jiko halisaidii, kwa sababu histamini haiondoki kwa moto. Kinachosaidia ni barafu mapema, tangu chomboni. Anayejiita mwenye aleji kwa sababu hiyo, akaacha samaki maisha yake yote, amejinyima chakula bora cha kisiwa kwa kosa la mtu aliyekosa barafu.

Namna ya kutofautisha mambo haya si ngumu kwa kuanzia. Uliza: walioumwa ni wangapi? Kama wamekula watu sita sinia moja na wanne wamewashwa, shaka iende kwa samaki. Kama kila mara ni mmoja tu, na kila mara ni yeye yule, hata samaki akiwa ametoka majini sasa hivi, shaka iende kwa mwili wake. Na kama ngozi inakauka na kubambuka taratibu kwa mtu anayekunywa mafuta ya ini kwa vijiko vingi kwa miezi, shaka iende kwa kipimo.

Swali hilo la "walioumwa ni wangapi" kwa Pemba si mchezo. Mwezi Novemba 2021 watu saba walikufa kisiwani Pemba baada ya kula nyama ya kasa. Mwezi Machi 2024, katika Kisiwa Panza, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa kwa sababu hiyo hiyo, na wengine 78 wakalazwa hospitali. Ule haukuwa mzio. Ilikuwa sumu inayoweza kuwamo ndani ya kasa, isiyoondoka kwa kupikwa wala isiyo na dawa ya kuikata, na iliyokamata ukoo mzima kwa sababu ukoo mzima ulikula. Nawataja marehemu hao kwa heshima, kwa sababu ni lazima tuyajue majina ya hatari zetu kwa usahihi. Tukiita kila kitu aleji, hatutajua lini pa kukimbilia.

Na sasa nifike kwenye ile sura niliyosema iliandikwa Pemba.

Mwaka 2000 kilifunguliwa kituo cha utafiti pale Wawi, karibu na Chake Chake, kinachojulikana kama Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, kwa jina la mtaalamu wa Kitaliani wa vijidudu aliyefariki mwaka 1993. Pemba wakati huo ilikuwa na malaria kali na minyoo mingi, na watoto wengi walikuwa na upungufu wa damu. Ushauri wa kimataifa ulikuwa wazi: mahali kama hapo watoto wadogo wote wapewe madini ya chuma pamoja na asidi foliki. Nani angepinga? Chuma hujenga damu. Mtoto amepungukiwa na damu. Mpe chuma. Hesabu ilikuwa nyepesi kama moja na moja.

Mwaka 2002 wataalamu wa Zanzibar na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walianza kuipima hesabu hiyo. Watoto zaidi ya 24,000 wa umri wa mwezi mmoja hadi miezi 35 waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipata chuma na asidi foliki, jingine likapata hivyo pamoja na zinki, na jingine kidonge kisicho na dawa. Iliwekwa pia kamati ya nje ya kuangalia usalama, ambayo kazi yake ilikuwa kusoma hesabu ya waliolazwa na waliokufa wakati kazi ikiendelea.

Tarehe 19 Agosti 2003 vidonge vya chuma vilisimamishwa kwa ushauri wa kamati hiyo. Watoto waliopewa chuma walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kulazwa kwa ugonjwa mkali au kufa kuliko wale waliopewa kidonge kitupu. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwezi Januari 2006. Katika toleo hilo hilo lilichapishwa jaribio kama hilo lililofanyika nyanda za chini za Nepal, mahali ambapo malaria haikuwa tatizo kubwa. Huko chuma hakikuwadhuru watoto, ingawa hakikupunguza vifo. Kidonge ni kimoja, nia ni moja, na jibu likawa mbali mbali kwa sababu watoto waliishi mahali mbali mbali.

Tena lipo jambo la kuzingatia zaidi. Huko huko Pemba kulikuwa na kundi dogo la watoto waliopimwa damu tangu mwanzo na kufuatiliwa kwa karibu. Miongoni mwao, wale waliokuwa kweli wamepungukiwa na chuma walinufaika nacho. Kwa hiyo chuma hakikuwa adui. Kosa lilikuwa kukigawa kwa kila mtoto bila kumpima, mahali penye malaria isiyodhibitiwa. Shirika la Afya Duniani lilibadili ushauri wake, na mwongozo wake wa mwaka 2016 unasema kwamba katika nchi za malaria watoto wapewe chuma pale tu panapokuwa na mpango wa kuikinga, kuipima na kuitibu malaria. Mama wa Mali, wa Uganda au wa Msumbiji anayefuata utaratibu huo leo analindwa na kitu kilichojulikana kwa watoto wa Pemba. Naona ni deni ambalo dunia hailitaji mara nyingi.

Jambo linalonigusa zaidi katika habari hiyo si takwimu. Ni kule kusimama. Watu walikuwa na nia njema, fedha ilikwisha kutumika, ushauri wa wakubwa ulikuwa upande wao, lakini ishara ilipoonekana hawakusema "tuvumilie, dawa inatoa uchafu". Walisimamisha, wakahesabu, wakauliza ni nani anayefaidika na nani anayeumia.

Nyumbani kwetu hatuna kamati ya wataalamu. Kamati tuliyo nayo ni miili yetu, na mjumbe wake anayesema wa kwanza mara nyingi ni ngozi. Inapowasha na kuvimba, imetoa taarifa. Taarifa inaweza kuwa ya mzio, ya samaki aliyeharibika, au ya kipimo kilichozidi, au hata ya jambo jingine lisilohusiana na chupa. Lakini haisemi kamwe "maliza chupa". Fikra kwamba dawa nzuri lazima kwanza itoe vipele imewatesa watu wengi bure. Kumbukeni yule mbwa wa Paris. Mara ya kwanza hakuonyesha kitu, na mara ya pili hakupata nafasi. Mwili wa mwenye mzio hauzoei kwa kulazimishwa nyumbani, nao unaweza kuongeza ghadhabu kila mara.

Kwa hiyo nashauri hivi. Aliyetokwa na mabaka baada ya kumeza kidonge chochote, aache, aiweke chupa, na aende nayo kituo cha afya ili isomwe. Akivimba midomo au ulimi, akibanwa na pumzi, au akiona kizunguzungu cha kuanguka, asingoje asubuhi wala asimwite jirani kushauriana, bali akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu dawa yake ni sindano ya adrenalini na muda ni mchache. Mama mjamzito asinywe mafuta ya ini bila kumuuliza mkunga au daktari, kwani vitamini A ikizidi inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Na mzazi ambaye mwanawe amekwisha kupewa matone ya vitamini A kwenye kliniki, na hiyo ni kinga njema iliyookoa watoto wengi duniani, amwambie mhudumu kama nyumbani kuna chupa nyingine ya vitamini hiyo hiyo.

Na kwa aliye mzima, asiye na mzio, anayeishi pwani yetu na mwenye uwezo wa kununua vibua vitatu vilivyokaa kwenye barafu, mimi sioni haraka ya chupa. Mafuta yale yale yamo ndani ya samaki, pamoja na protini ambayo chupa haina, na kwa bei ambayo mvuvi wa Kojani ataifaidi kuliko mwenye kiwanda wa mbali.

Sifa ya papa ilihifadhi majahazi kwa sababu fundi alijua aipake wapi na asiipake wapi. Mbao za juu zilipata sifa, mbao za chini zilipata deheni, na hakuna fundi aliyekichovya chombo kizima ndani ya pipa moja akasema kazi imekwisha. Mwili wa binadamu haustahili uangalizi mdogo kuliko ule wa jahazi. Ukiambiwa kitu ni kizuri, itikia, kisha uliza: kizuri kwa nani, kiasi gani, na mahali gani? Watoto wa Pemba wamekwisha kuionyesha dunia thamani ya swali hilo.